Pa Kwenda Kuota Jua na Mama

Hapa Glasgow, Uskoti, katika siku iliyo fupi kuliko zote za mwaka, jua hutoka saa tatu kasoro robo asubuhi na kuzama saa kumi kasoro robo alasiri, na hata katika hizo saa saba za mchana mara nyingi halionekani, kwa sababu mawingu huwa yameshuka mpaka karibu na mapaa ya nyumba. Mama yangu, ambaye alizaliwa Unguja na kuishi huko hadi alipotimiza miaka 66, hajaizoea hali hiyo hata baada ya miaka mitano. Mwezi wa Desemba sala ya Alasiri huingia kabla ya saa nane mchana, na watoto wanaporudi kutoka shule humkuta ameshautandika mswala akisubiri Magharibi. Kila mara huwauliza, kwa huzuni ya kweli, kama siku ndiyo imekwisha.

Kiswahili hakina neno linaloyatosha majira haya. Tuna kipupwe, lakini kipupwe chetu ni cha Juni hadi Agosti, ubaridi mwanana unaoletwa na upepo wa kusi, ambao mtu huumaliza kwa kujitanda kanga asubuhi na kuivua ifikapo saa nne. Baridi ya huku huingia mifupani mwezi wa Novemba na kukaa humo hadi Machi. Ugonjwa unaomsumbua Mama kwenye magoti na vidole, Waswahili waliuita baridi yabisi tangu zamani, na kila nikimwona asubuhi akikunja na kukunjua vidole mbele ya hita kabla hajaweza kufunga vifungo vya koti, naona kwamba waliolitunga jina hilo walijua walichokuwa wakikisema.

Sisemi kwamba joto linaponya. Daktari wake ametueleza wazi kwamba safari ya siku kumi haibadilishi kiungo kilichokwisha kuharibika. Huduma ya afya ya Uingereza nayo inashauri kila mtu afikirie kumeza maikrogramu 10 za vitamini D kila siku katika miezi ya baridi, kwa kuwa kuanzia Oktoba hadi mapema Machi jua la huku halitoshi kuutengenezea mwili vitamini hiyo, na sisi wenye ngozi nyeusi tunashauriwa hivyo kwa mwaka mzima. Vidonge hivyo tunameza wote nyumbani, hata mdogo wetu ana matone yake. Ninachokitafuta katika safari ya majira ya baridi ni kitu kingine, nacho ni siku ambayo watu sita wa nyumba moja, kuanzia bibi mwenye miaka 71 hadi mjukuu mwenye miaka mitatu, wanaweza kushinda nje pamoja bila yeyote kuomba kurudishwa ndani. Imenichukua safari moja iliyoharibika na majuma mengi ya kupiga hesabu kuelewa kwamba hilo ndilo la kutafutwa, na kwamba nyuzi za joto ni sehemu yake ndogo.

Safari iliyoharibika ilikuwa ya kisiwa cha Tenerife, katika visiwa vya Kanari. Visiwa hivyo ni vya Hispania, lakini kijiografia viko pembeni mwa Afrika, kiasi cha kilomita 100 tu kutoka pwani yake kwa kisiwa kilicho karibu zaidi. Nilichagua kwa kuangalia jedwali la joto, nikaona nyuzi 21 au 22 mchana katika Desemba, nikaona picha ya bwawa la kuogelea lililozungukwa na minazi, nikaona bei inayolingana na uwezo wetu, nikalipa. Kitu ambacho sikukitazama ni ramani. Katikati ya Tenerife umesimama mlima Teide wenye urefu wa mita 3,715, ambao ni mrefu kuliko mlima mwingine wowote wa Hispania, na pepo za kaskazini mashariki zinazotoka baharini zikifika kisiwani huugonga mgongo huo wa milima, hupanda, hupoa na kuacha mawingu upande wa kaskazini. Upande wa kusini, uliojificha nyuma ya mlima, hubaki mkavu na wenye jua. Namba nilizozisoma zilikuwa za kusini. Hoteli niliyoilipia ilikuwa kaskazini.

Tulifika tukakuta mawingu, manyunyu na barabara zenye mwinuko mkali. Hoteli ilikuwa juu ya kilima, bahari ilikuwa chini, na kutoka huku kwenda kule kulikuwa na ngazi ambazo Mama aliziangalia mara moja tu. Maji ya bwawa hayakuwa yakipashwa moto, na mwanangu wa kati, aliyekuwa amelala na nguo yake ya kuogelea kwa siku mbili kabla ya safari, aliingia, akatoka akitetemeka, wala hakurudi tena. Chumba kilikuwa na sakafu ya vigae na hakikuwa na hita, kwa sababu majengo ya huko hayakujengwa kwa ajili ya baridi, hivyo usiku Mama alilala na koti lile lile alilotoka nalo Glasgow. Hakulalamika hata kidogo, na kule kutolalamika kwake kuliniuma kuliko ambavyo lawama ingeniuma. Niseme haki ya mahali: mji ule wa Puerto de la Cruz ni mzuri, una bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1788, na asubuhi moja kulipotulia Mama alikaa humo chini ya mtini mkubwa wenye mizizi ya kuning'inia akawasimulia watoto habari za mibuyu. Kwa watu wazima wenye miguu mizima wanaopenda kutembea milimani, upande ule ningeusifu. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwachagulia watu wangu mahali panapowafaa watu wengine.

Mwaka uliofuata, mimi na baba watoto tulikaa mezani mwezi wa Agosti, na safari hii hatukuanza kwa kuandika majina ya nchi. Tulianza na watu. Mama hawezi kupanda ngazi zaidi ya kumi, anahitaji choo karibu, na anachoka safari ikizidi nusu siku. Mdogo bado analala mchana, na akivurugiwa usingizi nyumba nzima hukesha. Wa kati anataka maji tu. Mkubwa wetu, aliyetimiza miaka 13, anataka kuwa na mahali anapoweza kwenda peke yake akarudi bila kusindikizwa. Baba watoto anafanya kazi za zamu za usiku na anachokitamani ni kulala kama pono. Mimi nilitaka nisipike kila siku, ingawa nilitaka jiko liwepo, kwa sababu hatuli nyama isiyo halali na sikutaka kila mlo uwe wa kuuliza maswali.

Palikuwa na sauti moja mezani ambayo lazima niieleze kwa kirefu, kwa sababu naamini inasikika katika nyumba nyingi za Waswahili walioko Ulaya na Marekani. Mama alisema, "Mwanangu, fedha zote hizo ukaangalie bahari ya watu, na bahari yetu ipo?" Swali hilo ni zito, na kwa miaka mingi jibu letu lilikuwa ni kwenda Zanzibar kila tulipopata fedha za kutosha. Lakini nilipoanza kuihesabu safari ya Zanzibar ya Desemba kama nilivyozihesabu nyingine, niliona mambo ambayo mapenzi yalikuwa yameyafunika. Kutoka Glasgow ni lazima kubadilisha ndege mara moja au mbili, na mlango hadi mlango ni zaidi ya saa kumi na tano. Saa za huko ziko mbele kwa saa tatu. Hewa ya Desemba, kaskazi inapoanza kushika, ina joto la zaidi ya nyuzi 30 pamoja na unyevu, na mtoto aliyetoka kwenye baridi huchukua siku kadhaa kabla ya kulala vizuri. Watoto wangu wana pasi za Uingereza, kwa hiyo kila mmoja hulipiwa viza ya dola 50 kuingia nchi ya bibi yao, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kuna pia bima ya lazima ya Zanzibar, ambayo kwa mgeni mtu mzima ni dola 44. Likizo ya shule ya majira ya baridi ni majuma mawili tu. Ukitoa siku za njiani na siku za kuzoea, zinabaki siku nane au tisa.

Na siku hizo si za mapumziko. Anayekwenda nyumbani baada ya miaka miwili anakwenda kutoa mikono ya pole kwa waliofiwa, kuwatazama wagonjwa, kula katika nyumba saba ili nyumba saba zisiudhike, na kugawa alichokibeba hadi begi libaki tupu. Hiyo ni wajibu na ni furaha, na sitaki watoto wangu waikose kwa lolote. Mtu hurudi kutoka huko moyo umejaa na mwili umechoka. Nilipomweleza Mama hivyo alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hata yeye, mara ya mwisho, hakupata siku moja ya kukaa Forodhani akatazama ngalawa. Hapo ndipo tulipokubaliana jambo ambalo kwangu ndilo muhimu kuliko yote niliyojifunza. Nyumbani tutakwenda wakati wa likizo ndefu ya Uskoti, inayoanza mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Agosti, kwa sababu ni zaidi ya majuma sita na inaangukia katika kipupwe chenyewe, mvua za masika zikiwa zimekwisha na joto likiwa limepungua. Desemba tutatafuta jua lililo karibu, kwa siku chache, mahali ambapo hakuna anayetusubiri.

Kigezo hicho cha mwisho ndicho kilichoiondoa Muscat, mji mkuu wa Oman, ambayo kwa karatasi ilikuwa inashinda. Desemba huko mchana ni nyuzi 25 hivi, usiku ni ubaridi wa kupendeza, bahari ni ya kuogeleka, chakula chote ni halali, na barabara ya ufukweni ya Mutrah ni tambarare. Zaidi ya hayo, Mama asingekuwa na haja ya mkalimani. Wazanzibari wengi wenye asili ya Oman walihamia huko baada ya Mapinduzi ya 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, na mpaka leo Kiswahili kinasemwa madukani, maofisini na majumbani. Dada wa marehemu baba yangu anaishi huko. Lakini ukiwa na shangazi Muscat huwezi kukaa hotelini, ni dharau. Tungerudi kwenye zile nyumba saba, na tungefanya hivyo baada ya kubadilisha ndege na kusogeza saa mbele kwa saa nne. Tumemwahidi shangazi safari yake mwenyewe, tutakayokwenda kwa nia ya kumtazama yeye.

Dubai ina ndege ya moja kwa moja kutoka Glasgow, ya kiasi cha saa saba na nusu, na joto lake la Desemba ni zuri, ila bei za karibu na mwaka mpya zilikuwa juu sana kwetu, na mkubwa wangu asingeweza kutembea popote peke yake, kwa kuwa mji ule umejengwa kwa ajili ya magari. Hurghada, mji wa Misri kwenye Bahari ya Shamu, ilinivutia kwa bei na kwa samaki wa matumbawe, na bahari yake katika majira hayo ina joto kuliko hewa. Kilichonizuia ni upepo wa kaskazini unaovuma huko kwa nguvu wakati wa baridi na usiku unaoweza kushuka hadi nyuzi 12. Mtoto anayetoka majini akapigwa na upepo ule atalia, na bibi aliyekaa kwenye kiti akimsubiri atataka kurudi chumbani.

Ikabaki Tenerife ile ile, upande wa pili wa mlima. Baba watoto alisita, na nilimwelewa. Lakini saa za Kanari ni saa zile zile za Uingereza, kwa hiyo usingizi wa mtoto hauguswi, na safari ya ndege kutoka Glasgow ni chini ya saa tano bila kubadilisha. Mji wa Los Cristianos, kusini, una barabara ya ufukweni iliyo tambarare, isiyopitiwa na magari, inayounganika na miji jirani, na tangu miaka ya 1960, Waswidi walipofungua huko kituo cha kuwahudumia wagonjwa wa neva na viungo, mji umezoea watu wa viti vya magurudumu kuliko mji mwingine wowote nilioufika. Kwenye ufukwe wa Las Vistas kuna njia za mbao zinazofika karibu na maji, na kuna huduma ya kuwaingiza baharini watu wasioweza kutembea, wakiwa wamekaa kwenye viti vyenye magurudumu mapana. Mbele ya ufukwe kuna kuta za mawe zinazovunja mawimbi. Nilizitazama picha za barabara ile moja baada ya nyingine, kuanzia mlango wa nyumba tuliyotaka kupanga hadi kwenye maji, nikihesabu ngazi. Zilikuwa tatu, na pembeni yake kulikuwa na njia ya mteremko.

Kabla ya kulipa nilipiga simu na kuuliza maswali manne: maji ya bwawa yanapashwa moto katika Desemba, chumba kina hita, lifti inafika ghorofa ya chini, na baraza linaangalia upande gani? Swali la mwisho liliwashangaza, lakini katika majira ya baridi jua liko chini upande wa kusini, na baraza linaloangalia kaskazini halipati jua siku nzima. Anayempeleka mzee kuota jua na alijue hilo.

Nisisahau pasi. Mama bado anatumia pasi ya Tanzania, na kibali chake cha kuishi Uingereza hakimfungulii mlango wa Hispania. Ni lazima awe na viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Tangu Juni 2024 ada yake ni yuro 90 kwa mtu mzima, na anatakiwa kuwa na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000 kwa matibabu. Maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na hayapaswi kuchelewa zaidi ya siku 15 kabla yake, lakini miadi ya Desemba hujaa mapema, ndiyo maana tulikaa mezani Agosti. Bima ya mzee nayo inahitaji ukweli. Tuliandika magoti, presha, dawa zote, ikapanda bei, tukalipa, kwa sababu bima iliyofichwa ugonjwa haina faida siku ya kuumwa. Katika viwanja vya ndege vya Uingereza na vya Umoja wa Ulaya msaada wa kiti cha magurudumu ni haki na hautozwi chochote, ilimradi utoe taarifa saa 48 kabla. Mara ya kwanza tulikuwa hatujui, na Mama alitembea hadi kwenye ndege akiwa ameshika ukuta.

Kuhusu tarehe, aliye na watoto wa shule hana nafasi kubwa ya kuchagua. Chumba kile kile kilikuwa karibu mara mbili ya bei baada ya shule kufungwa. Tulichofanya ni kuondoka siku ileile shule zilipofungwa, jioni, na kurudi kabla ya mwaka mpya, kwa kuwa bei hupanda sana katika siku za mwisho za Desemba. Tulipanga siku nane. Kwa watu kama sisi, siku nane za kulala vizuri zinashinda kumi na nne za kuhangaika.

Siku ya tatu huko, kiasi cha saa nne asubuhi, nilimkuta Mama ameketi kwenye benchi la ufukweni, ameshika chungwa. Alikuwa ameondoa koti, amejitanda kanga moja mabegani. Alitia ukucha wa dole gumba kwenye ganda, akalivuta polepole, likakatika, akalishika tena, hadi lote likatoka, akaligawa vipande na kumpa mdogo kimoja kimoja. Nyumbani chungwa humenyewa na mimi. Sikusema neno, na yeye hakusema. Wa kati alikuwa majini, ambayo yana nyuzi 20 tu na kwa mtu wa Unguja ni ya baridi, lakini yeye ni mtoto wa Uskoti na kwake hiyo ilikuwa bahari ya moto. Mkubwa alikuwa amekwenda gatini peke yake kutazama feri ya kisiwa cha La Gomera ikifunga kamba.

Ni yeye aliyerudi na habari kwamba pale bandarini wavuvi wanauza samaki. Tulimpeleka Mama kwa kiti. Kwenye barafu, katikati ya samaki wasiojulikana kwetu, walikuwepo pono, wekundu na wa kijivu, wenye midomo ile ile ya kasuku. Huko huwaita vieja na huwapenda kuliko samaki wengi. Mama aliinuka kwenye kiti, akainua kifuniko cha shavu la mmoja kwa kidole, akayatazama matamvua, akamwonyesha muuzaji vidole vitatu. Alikuwa amebeba makopo mawili ya tui kutoka Glasgow, jambo ambalo hakuna aliyekuwa akilijua. Alikaa kwenye kiti cha jikoni akaniamrisha mimi, nikapaka ndimu na chumvi, nikakaanga, nikaunga.

Tulikula barazani jua likiwa bado lipo. Liliposhuka baharini Mama aliniuliza saa ngapi. Nilimwambia ni saa kumi na mbili na robo. Aliuelekeza uso wake kule kulikokuwa na wekundu, akanawa mkono, akasema, "Sasa hii ndiyo Magharibi," kisha akanyoosha mkono nimsaidie kuinuka akatie udhu.